Ni Nani Humsemea Mshtakiwa?

Hebu tuanze na jambo lisilo na raha. Kila mara habari za mtoto aliyenajisiwa zikifika kwenye simu zetu, hukumu huwa imeshatoka kabla chai haijapoa. Afungwe maisha. Ahasiwe. Aachiwe wananchi. Ni nadra umpate mtu akiandika: apewe wakili. Ukithubutu kuandika hivyo utaulizwa mara moja uko upande wa nani, na kama wewe una mtoto.

Swali hilo la wakili ndilo nataka tulifuate, na tutalifuata kupitia Meru na Embu. Si kwamba watu wa huko ni wabaya kuliko wengine. Ni kwamba kwenye mteremko huu wa mashariki wa Mlima Kenya, karibu kila hatua ya hadithi hii imewahi kutokea: wazee wakiamua kesi, mahakama zilizowafungia mawakili mlango, usiku mmoja wa 1991 ambao nchi nzima inaukumbuka, na uamuzi wa 2013 uliosomwa hadi ng'ambo. Ukiipanga historia hiyo mstari mmoja, unaona kwamba mshtakiwa wa kosa la kingono amekuwa na watetezi wa aina mbili. Mmoja ni wa bure, na kazi yake ni kuua kesi. Mwingine ni wa kisheria, na mara nyingi hafiki kortini kabisa.

Ukoo kama wakili

Kabla Waingereza hawajaishinda Embu kwa bunduki mwaka 1906 na kufungua kituo Meru mwaka 1908, kesi zilisikizwa na wazee: kiama upande wa Embu na Mbeere, na kwa Wameru vikao vya wazee ambavyo kilele chake ni Njuri Ncheke. Kosa la kingono lilihesabiwa kama hasara. Aliyepata hasara alikuwa baba wa binti, na ukoo wake. Ndiyo maana dawa yake ilikuwa fidia ya mifugo, na mnyama wa kuchinjwa ili watu wapatane. Aliyekana na hakukuwa na shahidi angeweza kupelekwa kwenye muma, kiapo ambacho mwongo aliamini kingemmaliza yeye na watu wake.

Mfumo huo ulikuwa na hekima yake. Ila uliacha mambo mawili ambayo hayajatutoka hadi leo. La kwanza, mtuhumiwa hakusimama peke yake. Alikuja na ukoo, na ukoo ulijua kusema. La pili, binti mwenyewe hakuwa mhusika wa kesi. Alizungumziwa tu. Leo ukisikia chifu na wazee wawili wamekaa chini ya mwembe, wakakubaliana mbuzi watatu na pesa kidogo ili kesi ya unajisi iishie nyumbani, unasikia mwangwi wa kikao hicho, tofauti ikiwa kwamba sasa sheria inakataza. Kwa mujibu wa kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono, kesi kama hiyo haiwezi kuondolewa na familia, chifu wala karao wa kituo. Mamlaka hayo sasa ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Mahakama isiyotaka wakili

Wakoloni waliwachukua wazee wakawageuza kuwa mahakama. Kulikuwa na mabaraza ya wenyeji, yaliyopewa sheria yake mwaka 1930, kisha mahakama za Waafrika chini ya sheria ya 1951. Humo ndani mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Hoja ilikuwa kwamba wanasheria wangevuruga mambo ya kimila na kuwamaliza watu pesa. Kwa hivyo Mwafrika aliyeshtakiwa Meru au Embu alijitetea kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wazee waliolipwa na serikali ileile iliyomshtaki.

Mahakama hizo hizo ndizo zilizotumika mwaka 1956, Njuri Ncheke ilipopiga marufuku ukeketaji ikihimizwa na maofisa wa serikali. Wasichana wengi wa Meru walikaidi, wakajitahiri wenyewe kwa wembe. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, zaidi ya watu 2,400, wakiwemo wasichana na wazazi wao, walishtakiwa katika mahakama hizo za Waafrika. Uwe unaunga mkono marufuku au la (na wengi wetu leo tunaiunga), hebu litazame jambo lenyewe. Mahakama ilipoingia kwa wingi katika mambo ya miili ya wasichana wa Meru, wasichana walisimama kama washtakiwa, na bila wakili.

Mahakama za Waafrika ziliisha na sheria ya mahakama za mahakimu ya 1967. Mlango ukafunguliwa kwa wakili. Bei yake ndiyo ilibaki palepale mlangoni.

Utetezi wa bure

Wakati huo wote kulikuwa na sheria nyingine juu, Kanuni ya Adhabu ya 1930. Kwa miaka mingi ilimlinda msichana wa chini ya miaka 14 pekee, na kifungo kilikuwa cha hadi miaka 14. Mvulana hakutajwa katika kosa la unajisi. Na juu ya hayo kulikuwa na kanuni iliyotoka Uingereza: katika kesi za kingono, hakimu alitakiwa ajionye mwenyewe kwamba ni hatari kumwamini mwanamke bila ushahidi mwingine wa kumuunga mkono. Shahidi wa wizi wa ng'ombe aliaminika peke yake. Shahidi wa kubakwa, hapana. Kanuni hiyo ilikuwa utetezi wa bure kwa kila mshtakiwa. Hakuhitaji kuonyesha kwamba mlalamishi anadanganya. Ilitosha kwamba ni mwanamke, na alikuwa peke yake.

Halafu ikaja Julai 1991. Usiku wa tarehe 13, katika shule ya mseto ya St. Kizito kule Tigania, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa wakijaribu kujificha. Iliripotiwa kwamba 71 walibakwa. Wavulana walipelekwa kortini kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia. Lakini maneno yanayokumbukwa hadi leo hayakutoka kizimbani. Yalitoka kwa naibu mkuu wa shule, mwanamke, aliyenukuliwa akieleza kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana, walitaka kuwabaka tu.

Tukisoma maneno hayo leo tunashtuka, kisha tunamlaumu mtu mmoja. Mimi nadhani yanafaa kusomwa kama hoja ya utetezi. Hakuna wakili aliyelipwa kuyasema. Yalikuwa yako tayari, yamewekwa akiba na jamii nzima, na aliyeyasema aliyachota tu. Mvulana ni mvulana. Alikuwa amelewa. Alivaaje? Alikuwa anaenda wapi saa hizo? Familia yake ni watu wa kanisa, bana. Huu ndio utetezi wa bure, na kazi yake kubwa hufanyika kabla ya korti: nyumbani, kwa chifu, kwenye meza ya kuripoti. Ukifanya kazi vizuri, kesi haizaliwi.

Sheria inageuka

Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kudai ushahidi wa ziada kwa sababu tu mlalamishi ni mwanamke ni ubaguzi unaokiuka katiba. Sheria ya Ushahidi nayo ikabadilishwa: katika kesi ya kingono, korti inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiwa imeridhika kwamba anasema ukweli na ikaandika sababu zake.

Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge mteule, leo jaji wa Mahakama ya Juu. Bunge lilikuwa la wanaume karibu lote, na mjadala ulikuwa mkali. Ili ipite, mambo yalikatwa. Kumbaka mke wa ndoa kukaachwa nje. Kukaingizwa pia kifungu cha 38, kilichosema kwamba anayetoa tuhuma za uongo ataadhibiwa kwa adhabu ileile ya kosa alilolidai. Fikiria wewe ni msichana wa miaka 16, unaambiwa ukishindwa kuaminika unaweza kufungwa wewe. Utetezi wa bure ulikuwa umeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012.

Kilichobaki ni sheria nzito. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini: kifungo cha maisha. Miaka 12 hadi 15: si chini ya miaka 20. Miaka 16 hadi 18: si chini ya miaka 15. Mvulana sasa analindwa sawa na msichana. Ikaonekana mizani imerudi sawa. Lakini sheria huandikwa Nairobi, na faili hufunguliwa Maua, Nkubu, Runyenjes, Siakago.

Meru, 27 Mei 2013

Oktoba 2012, wasichana 11 walienda Mahakama Kuu ya Meru pamoja na shirika la Ripples International, lililokuwa na makao ya kuwahifadhi watoto pale Meru. Majina yao yalifichwa kwa herufi. Kesi ikajulikana kama ya wasichana 160, idadi ya waliokuwa nyuma yake. Hawakuwashtaki waliowanajisi. Walimshtaki mkuu wa polisi na serikali. Madai yao yalikuwa kwamba waliripoti, na polisi wakakataa kuandika, wakawahoji kwa dharau, au wakaiacha faili ilale.

Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau aliwapa ushindi. Alisema polisi walizembea bila sababu wala udhuru, wakashindwa kufanya uchunguzi wa haraka, wa kufaa na wa kitaaluma, na kwamba uzembe huo ulivunja haki za watoto hao kwa katiba ya 2010. Akaamuru kesi zao zichunguzwe.

Uamuzi huo ulisherehekewa kama ushindi wa watoto, na ni kweli. Lakini usome tena ukiwa umekaa upande wa pili wa korti. Uchunguzi wa haraka, wa kufaa na wa kitaaluma: hayo ndiyo mshtakiwa asiye na hatia angeomba, kama angeulizwa.

Ili mtu apatikane na hatia ya unajisi, lazima mambo matatu yathibitishwe: umri wa mtoto, kwamba kitendo kilifanyika, na kwamba aliyefanya ni huyu. Umri unataka cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, au daktari. Kitendo kinataka mtoto apelekwe hospitalini mapema na fomu ya P3 ijazwe na mtu aliyemwona kweli. Huyu ndiye anataka maelezo yaandikwe siku ileile, kabla shangazi, mwalimu na majirani hawajaongeza yao, na sampuli zifike kwa Mkemia wa Serikali zikiwa hazijachanganywa. Karao akizembea hapo, mambo mawili yanaweza kutokea. Mwenye hatia anatoka. Au kijiji kikipiga kelele vya kutosha, anakamatwa yule aliye karibu: mfanyakazi wa shamba, mtu wa boda, kijana ambaye hakuna aliyempenda. Faili mbovu haina upande. Inamuumiza yeyote aliye dhaifu siku hiyo.

Peke yake kizimbani

Sasa tuingie kortini. Kesi ya mauaji huanzia Mahakama Kuu, na huko kwa kawaida serikali humpa wakili asiyeweza kulipa. Kesi ya unajisi huanzia kwa hakimu. Adhabu inaweza kuwa maisha, yaani uzee na kifo ndani ya GK, lakini mshtakiwa wengi tunaowaona wamesimama na karatasi zao mikononi, peke yao.

Katiba, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali ikiwa bila wakili kutatokea dhuluma kubwa, na aambiwe haki hiyo mapema. Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016. Mei 2017 Mahakama ya Juu ikaeleza mambo ya kupimwa: uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa kulipa, kama mshtakiwa ni mtoto, kama anajua kusoma, ugumu wa kesi. Chukua kibarua wa kuchuma miraa Igembe aliyeachia shule darasa la nne na sasa anatazamwa na kifungo cha maisha. Karibu kila kipimo kinamwangukia. Ofisi ya msaada ipo. Ila wakili wa kumtuma ni hesabu nyingine, na hesabu hiyo ni ya bajeti.

Asipokuwa na wakili hufanyika jambo ambalo hatulizungumzii vya kutosha. Haki ya kumhoji shahidi ni yake, kwa hivyo anamhoji mwenyewe. Sheria inaruhusu mtoto atoe ushahidi nyuma ya pazia, au kupitia mtu wa kumsemea. Lakini maswali bado yanatoka kwa mshtakiwa. Mjomba anamuuliza mpwa wake: si mimi ndiye nilikununulia viatu? Mtoto ananyamaza. Hakuna aliyesaidika hapo. Mjomba, kama hakufanya, amepoteza nafasi ya kuuliza swali lenye maana, kwa mfano tarehe ya fomu, au nani mwingine alilala nyumba hiyo. Mtoto, kama alitendewa, ameteswa tena kwa sauti ileile. Wakili mzuri angemuuliza maswali manne, kwa heshima, akaketi.

Kwa hivyo ukisikia kwamba wakili wa mshtakiwa ni adui wa mtoto, uliza: wakili yupi? Yupo anayeleta kortini utetezi wa bure, wa nguo na tabia na familia nzuri. Huyo apingwe. Na yupo anayeuliza kuhusu umri, kitendo na mtu. Huyo anafanya kazi ambayo polisi, mwendesha mashtaka na hakimu wangefaa kuishukuru.

Miaka 15 ya mapenzi ya shule

Kuna kundi moja ambalo historia hii imelibana kabisa. Chukua mfano wa kubuni. Kijana wa Runyenjes ana miaka 19. Msichana wake ana 17. Wanapendana, anapata mimba, baba yake anakasirika, anaripoti. Sheria ya 2006 haina nafasi ya wawili wanaokaribiana umri. Kukubali kwa msichana hakuhesabiki. Utetezi uliopo ni mmoja: kwamba alimdanganya kuhusu umri, naye akaamini kwa sababu za maana, tena aonyeshe hatua alizochukua kujua. Mtu mliyesoma naye shule moja, utasemaje?

Mwaka 2019 majaji watatu wa Mahakama ya Rufani walimwachilia mtu aliyefungwa miaka 15 katika kesi ya aina hiyo, wakasema wazi kwamba magereza yamejaa vijana wa namna hii na kwamba nchi imechelewa kulijadili jambo hili kwa ukweli. Mei 2022 Jaji George Odunga, akiwa Machakos, akasema vifungo vya lazima vinamnyima hakimu uwezo wa kupima kila kesi. Washtakiwa wengi wakakimbilia mlango huo. Mahakama ya Rufani ya Nyeri, ambako rufaa za Meru na Embu hupelekwa, nayo ilipunguza kifungo kimoja kutoka miaka 20 hadi 15. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu, inayoongozwa na Martha Koome, mzaliwa wa Meru, ikafunga mlango. Kifungo kikarudi miaka 20. Viwango vya chini ni vya bunge, ikasema, na bunge ndilo la kuvibadilisha.

Sioni uamuzi huo kama usaliti. Viwango hivyo viliwekwa kwa sababu mahakimu wa zamani walikuwa wakitoa miezi michache kwa watu waliowaharibu watoto. Lakini una maana moja ya wazi. Kama hakimu hana ruhusa ya kupunguza mwishoni, basi kila kitu kinaamuliwa mwanzoni: shtaka gani linaandikwa, ushahidi upi unakubaliwa, nani anauliza maswali. Na huko mwanzoni ndiko wakili hayupo.

Kinachodaiwa

Tangu 2022 Mahakama imefungua korti maalum za makosa ya kijinsia, ya kwanza Shanzu, Mombasa. Siakago, kaunti ya Embu, nayo ikapata yake. Zina vyumba vya watoto na kesi huenda mbio zaidi. Ni hatua kubwa. Ila mbio bila wakili ni kumfikisha mtu jela haraka tu, na rufaa humngoja kila mtu mbele.

Hapo ndipo hadithi inapomrudia mtoto. Kesi iliyoendeshwa vibaya haiishi. Miaka saba baadaye rufaa inakubaliwa kwa sababu umri haukuthibitishwa, au mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya wakili, na korti inaamuru isikilizwe upya. Yule mtoto sasa ana miaka 18, yuko chuo, amejaribu kusahau. Anapigiwa simu arudi kueleza tena.

Hukumu ambayo wakili hodari alijaribu kuivunja akashindwa ni ngumu kubomolewa Nyeri. Wazee wa kiama walijua hakuna anayepaswa kusimama peke yake. Walikosea kwa kumsahau binti. Sisi tumeanza kumkumbuka binti, na hilo tusilirudishe nyuma. Tukimwacha mshtakiwa bila wakili, tunamwekea msichana huyo deni ambalo siku moja ataitwa kortini alilipe.